Dzalu Haikuwamo Kwenye Orodha

Papa,

Hukupenda barua za kuzunguka, kwa hiyo naanza na kosa langu. Msalaba wa kaburi lako umeandikwa Kpandroma, na ni mimi binti yako niliyeruhusu.

Unaikumbuka siku ya kuandikishwa, tulipofika Bunia tukikimbia vita, na nguo za mwilini tu. Karani akauliza kijiji. Ukajibu Dzalu, kwa sauti yako ya kapita, ya mkuu wa kijiji, kana kwamba alikuomba umtembeze mipakani. Akapekua karatasi zake mbele na nyuma. Haikuwamo. Watu nyuma yetu wakaanza kunung'unika, mtoto mgongoni mwangu alikuwa na homa, nami nikasema aandike Kpandroma.

Ukasema, "Siye hatuko watu ya Kpandroma. Kule tunauzishaka tu viazi."

Nikamwinamia karani. "Usimusikilize. Muzee kichwa yake haiko tena muzuri."

Ulinisikia, Papa. Niliona ulivyoinamisha macho. Kichwa chako kilikuwa kizima kuliko changu.

Tangu siku ile hukuitaja tena Dzalu. Wewe, uliyetusumbua kila kiangazi tukifyeka njia kwenye salongo, kazi yetu ya pamoja, kijiji kizima kikikungoja usimame kwenye kila alama ya mpaka na kueleza! Kwamba babu yako alihamia pale akikimbia kubebeshwa mizigo ya Wazungu. Kwamba alichagua bonde lile kwa sababu barabara yao ilipita upande wa pili wa kilima. Kijito ndicho mwanzo wetu, mikaratusi mitatu ya juu ndiyo mwisho. Nilikutania kwamba nyumba arobaini zina historia ndefu kuliko Ulaya nzima. Ulicheka, ukaendelea. Sikuwa nasikiliza. Nilidhani utakuwepo siku zote wa kuulizwa.

Ulipofariki, fundi wa msalaba aliomba karatasi yako, nikampa ile ile, akanakili. Nilikuwa nalia, lakini hiyo si sababu. Niliona aibu kueleza tena Dzalu iko wapi.

Dzalu yenyewe imeungua, Papa. Mikaratusi imekatwa. Wiki jana alikuja hapa kambini Bigo yule mama uliyempa shamba la kando ya kijito, pamoja na wenzake wawili. Wanataka kurudi vita vikitulia, wakaniuliza mpaka unapita wapi, maana mimi ni mtoto wa kapita. Nikaanzia kijitoni, nikafika kwenye jiwe jeupe, nikakwama. Baada ya jiwe ulisema nini? Nikawaambia ukweli wote, hata maneno yangu kwa karani. Mama yule akasema, "Tuandike ile tunakumbuka."

Tuna kurasa nne sasa. Baada ya jiwe nimeacha mistari mitupu.

Jana nilirudi kwa karani. Nikamwambia baba yangu alikuwa na akili timamu, mimi ndiye niliyesema uongo. Akajibu kwamba umeshakufa, haibadilishi kitu. Nikasimama pale pale mpaka akaandika Dzalu.

Jumamosi nakuja na rangi na brashi, nifute Kpandroma. Tulia sasa, Papa. Vita vikiisha nitaufuata mpaka wetu kwa miguu, kuanzia kijitoni. Nikifika kwenye jiwe jeupe nitasimama, na safari hii nitakuwa nasikiliza.

Binti yako