Stima Si Dawa ya Magoti

Ruring'u, Nyeri
Jumatano asubuhi

Ndugu yangu Wafula,

Nakusalimu kutoka huku kwenye ukungu, nikitumaini barua hii inawakuta wote wa boma letu wazima. Mimi mwili ni mzima, roho haijatulia. Kabla hujaendelea kusoma, inuka uende ukazime ile swichi nyekundu iliyo nje ya bafu la Mama. Ukisharudi, kaa karibu naye umsomee yote kwa sauti, maana Mama simu huisikiliza kama redio, lakini barua huiweka ndani ya Biblia.

Jumapili nilipokuambia uizime ulicheka. "Dada, siku hizi unaogopa maji?" Kisha ukampa Mama simu, naye akaniambia jambo lililoninyima amani tangu hapo: kwamba shawa ya umeme niliyomletea Pasaka inamkanda. Ati akishika mfereji wa kufungulia maji, stima inapanda polepole mpaka magotini, na siku hiyo anatembea bila fimbo. "Umeniletea dawa, mwanangu. Hospitali walinipa vidonge tu."

Nimeishi na dawa hiyo. Sikilizeni.

Hapa kwangu shawa ilianza kuvuja mwanzoni mwa mwaka. Tone moja shingoni, pale inapoungana na bomba, kisha jingine, mpaka yakachora mstari wa kahawia ukutani. Nikafanya kama wapangaji wote: nikaweka beseni chini. Beseni likawa mwenyeji. Asubuhi moja nikashika mfereji, ukaniuma mpaka kwenye kiwiko. Nikashuka kwa Baba Wambui, mzee anayetunza ploti yetu ya nyumba za kupanga.

"Mwalimu, hiyo ni kawaida," alisema, wala hakuacha kufagia. "Shawa zote za huku zinauma kidogo. Vaa slipa."

"Nivae viatu nikioga?"

"Kwani wewe ni wa kwanza? Hata mimi navaa."

Na mimi, Wafula, dada yako aliyemzomea mbunge mbele ya wafuasi wake, anayewaandikia wahariri mpaka wanamjua kwa mwandiko, nikavaa. Ndivyo tunavyotawaliwa katika nchi hii. Mtu anatuwekea kifo ukutani, sisi tunauliza ndara zinauzwa wapi. Tungekuwa na hasira robo tu ya uvumilivu wetu, tungekuwa watu wengine.

Mwezi jana matone yakawa mchirizi, nikamwita fundi kutoka Mweiga, yule yule aliyefunga shawa zote za ploti hii. Akabadilisha raba, akazungusha tepu nyeupe, kuvuja kukakoma. Nikamwonyesha waya wa rangi ya kijani na manjano, ule wa kupeleka umeme ardhini ukipotea njia. Ulikuwa umekatwa, unaning'inia bure.

"Huo si lazima, Mwalimu. Maji inachemka na waya mbili tu."

"Kama si lazima, kiwandani waliuweka kama urembo?"

Akacheka, akaufunga kwenye bomba la maji. "Haya, sasa iko chini. Oga na amani."

Siku tatu zikapita. Mbwa wa Baba Wambui, ambaye hunywa maji yanayodondoka kwenye mfereji wa uwanjani, akaanza kusimama mbali nao akinguruma. Tulimcheka. Siku ya nne jirani yangu wa chini, Mama Njeri, akapanda ngazi mikono ikiwa na povu la sabuni.

"Mwalimu, ulikuwa unaoga?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

"Basi ni wewe! Ukioga, mfereji yangu ya jikoni inaniuma."

Tukajaribu. Nikawasha shawa, naye kule chini akagusa mfereji kwa ncha ya kidole. Nikasikia yowe. Nikazima, akasema imeisha. Nikawasha tena, akapiga yowe tena, kisha akanitukana kwa Kikuyu, na ilikuwa haki yake. Mtoto wake wa mwaka mmoja huogeshwa kwenye karai chini ya mfereji huo.

Hapo ndipo nilipomwita Barasa, mwalimu wa fizikia shuleni kwetu, huyu aliyekuletea barua hii. Alikuja na testa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Nikiwa nimewasha shawa, taa yake ndogo iliwaka kwenye mfereji wangu, kwenye wa Mama Njeri, na kwenye ule wa uwanjani. Akafukua kidogo kando ya ukuta, akatuonyesha mahali bomba la chuma linapoishia. Lililo ardhini ni la plastiki.

"Stima haina pa kwenda," alisema. "Imekaa kwenye mifereji. Inangoja mtu mwenye miguu mitupu."

Nikamwambia mbona inauma kidogo tu. Akajibu kwamba hiyo kidogo haikuandikiana mkataba na mtu. Maji yakizidi kupenya ndani ya shawa, au waya mmoja ukilegea, siku hiyo ukishika mfereji mkono unajikunja wenyewe, na hata ukitaka kuuachia hauachii.

Shawa yangu aliikata papo hapo. Nikawaita wapangaji wote uwanjani. Mwenye nyumba alijibu kwa simu kwamba anayeogopa achemshe maji. Baba Wambui akasema watu wameoga hapa miaka mingi na hakuna aliyekufa.

"Bado," nikamwambia.

Waliondoka wakinung'unika kwamba mwalimu wa kutoka magharibi amezidi maneno. Sasa hivi ninapoandika, namsikia jirani wa juu akioga kwa shawa yake, iliyofungwa na fundi yule yule. Maji yanapita ndani ya ukuta, karibu na kiwiko changu. Mama Njeri huchota maji akiwa amevaa buti za mpira. Mbwa bado hausogelei mfereji.

Sasa Mama, nisikie. Hiyo si dawa. Unachokisikia magotini ndicho kilichomfanya mbwa akimbie maji. Wafula aliniambia fundi wenu huko Kimilili naye aliukata waya wa kijani, kwa sababu hakuona pa kuufunga. Barasa amebeba testa na koleo. Mwacheni aikate hiyo shawa, aiondoe. Maji ya sufuria yalitulea sisi sote.

Wiki hii nimeandika barua nyingine mbili, moja kwa mwenye nyumba na moja kwa ofisi ya kaunti, na hizo zina meno. Hii haina. Hii inaomba.

Wafula, kuna jambo sikulisema kwenye simu. Ndani ya katoni ya shawa, chini kabisa, niliweka ndara nyekundu za mpira, saizi ya Mama. Mlidhani ni zawadi. Wakati ule yangu ilikuwa imeshaanza kuuma. Nilijua, ndugu yangu. Nilijua, nikamnunulia mama yetu slipa. Jumapili nilimuuliza kama anazivaa. Akasema huzivua kwanza, kwa sababu akizivaa dawa haipandi.

Msalimie mkeo na watoto, na mjomba wetu katekista. Mwambie wiki hii ana deni la kutuombea. Na shangazi yetu wa kule ng'ambo ya mto, ambaye Mama amemwalika Ijumaa aje naye akandwe magoti, usimpelekee salamu zangu kwa simu wala kwa mtu. Barasa atafika kwenu na barua hii Alhamisi. Mkishaikata, nenda kwa shangazi kwa miguu yako siku hiyo hiyo, umkute kabla hajatoka, umwambie hiyo si dawa.

Ni mimi dada yako, ninayengoja kusikia sauti ya Mama akinigombeza kwa kumnyang'anya dawa yake,

Nekesa