Mdundo wa Mwanapili

Ukunda,
Jumatano.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kifua kimekuachilia na yule mbuzi mtoro amerudi zizini. Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Barua hii anakuletea Jefwa, mpiga ngoma wetu anayekuja huko Bodo, kwa kuwa yaliyomo siwezi kuyasema kwenye simu huku nikimsikia dada Mwanapili nyuma yako.

Ile kazi niliyojisifia ilikuwa ya kutunga muziki wa mchezo wa simu. Mchezaji hutafuta njia ya kutoka katika msitu wenye mizimu. Rispah, mwenye mchezo, hakutaka sauti za kompyuta. Alitaka ala zipigwe na watu. Nikamchukua Jefwa kwa ngoma na mzee Nzai wa Mwabungo kwa kayamba. Tukatundika mablanketi ukutani ili kelele za bodaboda zisiingie, tukarekodi siku mbili.

Muziki wangu ulikuwa umepooza kama uji wa jana. Nikamwomba Nzai apige mdundo aliompigia dada mwaka ule alipopungwa pepo. Mzee alisita. Alisema kila pepo ana mdundo wa kumwita na pigo la kumuaga, na ukishamwita humwachi mlangoni. Nikamwahidi kwamba pigo la kuaga halitaachwa. Akapiga mwanzo hadi mwisho, akaaga vizuri, akaenda kuswali alasiri.

Nilipousikiliza, nyuma ya kayamba palikuwa na mtu anayehema. Chumbani tulikuwa watatu, na pumzi zile hazikuwa zetu. Nilizijua, mama, maana nimelala chumba kimoja na Mwanapili miaka kumi. Hata hivyo sikuacha kazi.

Muziki wa mchezo hutakiwa uzunguke bila kukoma, mwisho ushikane na mwanzo. Kwa hiyo nilikata pigo la kuaga, nikalitupa. Wiki ile ile ukanipigia kwamba dada, baada ya miaka sita ya amani, ameanza tena kutikisa mabega.

Sasa nakiri. Jumapili nilikuomba usikate simu, ukawa unaniambia mara anatikisika, mara ametulia, nawe ukimshukuru Mungu kila alipotulia. Ni mimi. Nilikuwa nauwasha muziki na kuuzima. Mara tatu, mama. Mara ya kwanza ilitosha kunijulisha. Hizo mbili nyingine sina la kujitetea.

Jumatatu mchezo ukatoka. Nilimsihi Rispah auzuie, akacheka, akasema pumzi zile ndizo watu wanazozisifu. Ndiyo maana tangu Jumatatu dada hajaketi. Nzai nimemweleza yote. Hakunigombeza, alisema tu, "Siwezi kumuaga mgeni ambaye bado anaitwa." Na anaitwa, mama, kwenye simu elfu kumi na mbili za watu nisiowajua. Huyu akizima, yule anawasha.

Nisalimie ami Abdulwahab na binti yake Ummi. Mwanapili nashindwa kumtumia salamu.

Ni mimi mwanao, ninayeomba radhi nisiyoistahili,
Tsuma