Kilio cha Muchezo

Yaya Furaha, huku Kasongo jua linachoma, lakini niko muzima, nakula sombe na samaki ya Lualaba.

Miaka kumi na nane nafundisha waigizaji kulia. Leo kwenye mazoezi, mwanafunzi wangu anayeigiza mujane alilia vizuri mpaka wamama wa jirani wakaingia na mikeka na kuni, wakauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna mutu, mama. Ni muchezo tu."

Mumoja akatandika mukeka wake, akakaa. "Basi aendelee, mwalimu. Bwana yangu alikufa wakati tulikuwa tunakimbia vita Kabambare. Sikupata nafasi ya kumulilia."

Tukamulilia wote.

Nawapenda sana, wewe na watoto. Baba akiuliza tena kama muchezo ni kazi, umusomee hii.

Mudogo wako, Amisi