Mafuta ya Malori

Jumanne, 4 Machi

Tunanunua gari! Nasema "tunanunua", lakini mnunuzi ni mwanangu, kifungua mimba wangu, niliyemsomesha kwa kushona mapazia ya watu mpaka vidole vikaota sugu. Leo chumba kizima cha kushonea wamejua. Nilianza kwa kujifanya nalalamika – oh, gari litalala wapi, ua wenyewe ndio huu – mpaka wakauliza gari gani. Ndipo nikawapa! Mpiga pasi akasema, Mama Daktari umeula. Jina hilo nimejipa mwenyewe, kusema kweli. Mwanangu yuko maabara, anapima damu. Lakini koti si ni jeupe vilevile?

Magari ni mawili, tuchague moja. Yote yametumika, yote ya dizeli, yote ya ule mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Dizeli kwa sababu mwanangu kazini kwake ni mbali, anasema halinywi sana. Moja ni jekundu, liko kwa dalali. Jingine la kijivu, la mzee mmoja mstaafu ambaye macho yameanza kumsaliti.

Ijumaa, 7 Machi

Jekundu! Jamani, jekundu! Linang'aa mpaka nikajiona meno. Dalali kaniita mama mkwe, nikacheka kama kigoli. Mwanangu akamuuliza mkanda wa injini ulibadilishwa lini. Dalali: "Dada, hili halina shida." Mwanangu: "Sijauliza shida. Nimeuliza lini." Nani kamzaa huyo? Mimi.

Halafu la kijivu. Mlango wa kushoto umebonyea, rangi ya jivu la juzi. Viti vimevishwa vitambaa alivyoshona marehemu mke wa mzee. Nilipitisha kidole kwenye pindo, hakuna uzi uliolegea. Alijua kazi, yule mama. Mzee hakutaka hata kishika uchumba. Akasema kaeni nalo mpaka Jumatatu, mlisikilize likiamka asubuhi, gari haliwezi kujificha likiwa linaamka. Akampa mwanangu ufunguo kama anampa mtoto wake.

Nilikuwa nimebeba jora la kitambaa na tepu yangu, maana gari hili litabeba na mapazia. Kwenye la kijivu jora lililala, mlango ukafunga. Kwenye jekundu lilichomoza mpaka katikati ya viti watakavyokalia wajukuu wangu mapacha. Mwanangu alikuwa bado anabishana na dalali, hakuona. Nikamwambia limeingia.

Basi, nimesema. Jekundu linaonekana toka mwisho wa mtaa.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mwanangu alikuwa zamu. Aliniachia la kijivu nipeleke mapazia kwa mteja. "Taa ya mafuta imewaka, mama. Weka dizeli kidogo. Dizeli, mama." Nikamwambia nimepata leseni wewe hujaota meno.

Nikampitia wifi yangu. Hakuwa na safari, wala mimi sikuwa na haja naye. Nilitaka apande tu. Alipanda, akanusa. "Mbona linanuka uzee?" Tukaenda kidogo. "Na linavyonguruma! Kumbe dizeli? Hayo si mafuta ya malori, wifi? Daktari mzima!" Akacheka kile kicheko chake cha puani. Miaka yote ile ya ndoa yangu nimekisikia.

Kituoni kulikuwa na msichana wa pampu, mdogo, kofia imemzidi kichwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye dizeli. Nikamwita. Weka petroli, ile nzuri. Akasema taratibu, mama, mbona kifuniko kimeandikwa dizeli. Wifi ananitazama. Nikamwambia – mkono unakataa kuandika – nikamwambia, "Binti, mwenye gari ni nani hapa? Gari la daktari haliwekwi mafuta ya malori."

"Sawa mama. Samahani mama." Akaweka.

Nilijua? Nilijua na sikujua. Nilifikiri yatachanganyika huko ndani, kama mchuzi ukizidi chumvi unaongeza maji.

Kwenye mzunguko likaanza kukohoa. Likagonga, kama kuna mtu amefungiwa ndani. Likazima. Honi nyuma, honi mbele. Wifi akafungua mlango: "Pole wifi, mimi nimekumbuka nina mgeni." Nikasukumwa mpaka pembeni na wanaume nisiowajua, mmoja akinifokea nishike usukani vizuri.

Mwanangu kwenye simu: limefanyaje? Limezima tu, nikasema.

Tu!

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu ameamua. Bora limejionyesha mapema, kasema, tunachukua jekundu. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Sahani yangu nimeifunika, sijaigusa.

Mzee amenipigia. Mimi! Kuniomba radhi! Kwamba ameona aibu kumpa mama wa watu gari la kumwacha barabarani, kwamba marehemu mkewe angemsema wiki nzima. Kesho atakuja na fundi alitazame hapa uani, lilipovutwa. Nikasema usijali baba, vyuma hivyo, havina adabu.

Nimemsamehe. Mimi nimemsamehe yeye!

Jumatatu, 10 Machi

Fundi hata hakukaa sana. Alitoa mafuta kwenye tenki, akachovya kidole, akanusa. "Petroli hii." Wote wakanigeukia. Mwanangu: mama, uliweka nini? Nikasema niliomba mafuta, kwani mimi ndiye ninayeshika pampu?

Hivyo tu. Sikusema amekosea yule msichana. Nimeacha nafasi, wenyewe wakaijaza.

Mzee akatikisa kichwa, watoto wa siku hizi hata kifuniko hawasomi. Na mwanangu! Nilimlea asikubali kuonewa, na kweli hakubali. "Nyanyuka mama, twende kituoni. Hawawezi kukufanyia hivi wakakaa kimya." Katoka kazini na koti lake jeupe, hajalivua. Kwa ajili yangu. Njia nzima kanishika mkono. Nilitaka kusema tulipopita kwenye mzunguko. Nikasema joto leo.

Sasa niko ndani ya gari la fundi, hapa hapa kituoni. Nimesema miguu imevimba, siwezi kushuka. Nimetoa daftari, najifanya naandika vipimo vya pazia.

Wanaongea na msimamizi. Mwanangu ananyoosha kidole kwenye pampu. Mzee kavua kofia, kama yuko msibani. Msimamizi kaita. Msichana anakuja mbio, anafuta mikono kwenye nguo, anadhani kuna mteja.

Msimamizi anamsemesha. Msichana haoneshi kubisha. Anatazama chini, anatazama mwanangu, anasema maneno machache. Msimamizi anagonga kizibao cha msichana begani, kile cha njano. Anataka akivue. Msichana ameanza na kifungo cha juu.

Mwanangu amegeuka kunitazama. Yale macho aliyomtolea dalali. Sijauliza shida, nimeuliza lini.

Wanakuja huku. Wote. Mwanangu mbele, msichana nyuma yake, kizibao kimefunguliwa nusu.

Ameniona. Amenitambua. Hajakunja uso. Ameinama mpaka kwenye kioo, mkono kifuani, amelelewa huyu – kioo kimefungwa, sauti haiingii, lakini kinywa nimekisoma. Shikamoo, mama.

Mwanangu anagonga. Gari la watu hili, sijui kioo kinashushwa wapi. Natafuta kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia bado una kalamu