Siku Uliyosoma Mbele ya Mjomba

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua hapa duniani hakuna tena wa kuniitikia marahaba kwa sauti yako, lakini sijui kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia. Basi nimekuamkia.

Chuoni wameniomba niseme maneno machache Ijumaa hii, wakati wa kuwakabidhi wanafunzi kitabu cha muhula. Ndiyo, bado chuo kizima kinasoma kitabu kimoja, kuanzia mafundi wa magari mpaka wapishi, kama enzi zetu. Mwalimu Mutiso, aliyeuanzisha mpango ule, sasa ana mvi kichwa kizima na bado anavuka feri kila asubuhi akitokea kwake Changamwe. Alinijia pale ofisi ya chuo ninapofanya kazi akaniambia, "Wewe na mama yako mlikuwa miongoni mwa wa kwanza. Waeleze ilivyokuwa." Nimekaa na karatasi hii tangu juzi. Kila nikiandika "Wapendwa wanafunzi", mkono unagoma. Nimeona nikuandikie wewe, na wao watasomewa.

Unakumbuka tulivyoanza? Baba alikuwa ameshafariki, na wewe ulipotoka eda ulitangaza kwamba unakwenda kujifunza ushoni wa cheti. Herufi za Kiarabu ulizijua tangu chuoni kwa maalimu ulipokuwa mtoto, na hizi nyingine za kirumi ulizipata ukubwani, katika madarasa ya ngumbaru. Mimi nami nilikuwa nimepata nafasi palepale ya kusomea uhazili. Tukawa tunatoka kwetu Shika Adabu asubuhi mama na mwana, kila mtu na mkoba wake, tunafunga mlango kwa ufunguo mmoja. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Yule jirani yetu wa ukuta mmoja alikuuliza, "Hebu nambie, hapo nani anampeleka mwenzake skuli?" Ukamjibu, "Twapelekana," na hukupunguza mwendo. Ulikuwa na mwendo wa mtu anayeogopa mlango utafungwa kabla hajafika.

Kisha Bibi, mama yako tuliyekaa naye, akapooza upande mmoja. Mjomba, kaka yako mkubwa, ndiye aliyekuwa akitushika mkono tangu baba afariki, na neno lake nyumbani lilikuwa halirudi nyuma. Alikuja siku moja baada ya Alasiri, akakaa kwenye kile kiti ambacho hakuna mwingine aliyekikalia, akasema, "Mama hawezi kubaki peke yake na hali hii. Muhula huu malizeni, jirani amekubali kumwangalia mchana. Ukisha, mmoja wenu atakaa nyumbani. Yupi, nitaona mimi."

Ulisema, "Inshallah, kaka," ukaenda kumgeuza Bibi ubavu. Mimi nililala na kuamka na neno lile. Nilikuwa na hakika kwamba ni mimi nitakayetolewa. Kwa wasichana wa rika langu ilikuwa hivyo, na mashine ya taipu nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuizoea bila kutazama vidole. Nilikuwa nikikutazama wakati wa kula nione kama umeshaamua lolote, na wewe ulikuwa ukiniuliza kama chumvi imekolea.

Muhula huohuo ndipo Mwalimu Mutiso alipokuja na kitabu. Ilikuwa hadithi ya bwana mmoja aliyerudi kwao baada ya miaka mingi ya kuhangaika ugenini, akakuta nyumba yake inakaliwa na watu asiowajua. Chuo kizima tukisome, alisema, na mwisho wa muhula tukutane ukumbini tukizungumze, jamaa zetu wakiwapo. Vitabu vilikuwa haba. Darasa lenu la ushoni, lililojaa watu wazima, lilipewa nakala moja. Alitaka mpokezane, kila mtu asome chote kisha ampe mwenzake.

Hilo la kupokezana halikuwaingia akilini. Wewe ndiye uliyesema, "Kwani hitima twaisoma vipi?" Na kila mtu akaelewa papo hapo. Kwenye hitima watu hugawana juzuu za Msahafu, huyu yake na yule yake, wote wakasoma kwa pamoja, na Msahafu mzima ukawa umesomwa kwa kikao kimoja. Hata Mama Mbeyu, Mduruma na mtu wa kanisa, alikuwa ameshakula pilau za hitima nyingi mno kuhitaji kuelezwa. Mkachukua wembe wa kufumulia mishono, mkakifumua kitabu cha chuo uzi kwa uzi, mkagawana. Mchana mmoja tu, mkawa mmemaliza. Kisha mkakishona upya kwa uzi mweusi wa kushonea makoti, na wallahi mshono wenu ulikuwa imara kuliko wa kiwandani.

Mwalimu Mutiso alipopita kesho yake kuuliza maendeleo, mliinua mikono yote.

"Mmemaliza? Nani amemaliza?"

"Sisi sote, mwalimu."

Akakuuliza wewe yule bwana alikuwa akifanya kazi gani kabla ya kurudi kwao. Ukamwambia kwa adabu zako zote, "Hiyo ni juzuu ya Mama Mbeyu, mwalimu. Muulize yeye." Mama Mbeyu akaeleza vizuri sana. Akamuuliza Mama Mbeyu majirani walimpokea vipi. "Hapo mimi sipo, hapo yuko huyu mama wa msichana wa taipu." Maskini Mwalimu Mutiso! Alisimama na chaki yake, hajui akasirike au acheke. Mwishowe alisema kwamba siku ya ukumbi mtasimulia hivyohivyo, kila mtu kipande chake, tuone kama kitabu kitatimia. Nadhani alitaka mjifunze kwa aibu.

Ila sitasahau jioni za siku zile. Ulikuwa ukijua katikati ya hadithi tu, na kwa hiyo nyumba yetu haikuisha wageni. Wenzako walikuja kukueleza vilivyotangulia, wewe ukawaeleza vilivyofuata, na Bibi akitusikiliza kitandani, akiguna pale yule bwana alipokosea. Sisi wa uhazili tulisoma kitabu kizima kila mtu peke yake, tukakirudisha, basi. Hatukugombana hata kidogo kuhusu yule bwana. Ninyi mligombana naye kama shemeji yenu.

Siku ya ukumbi ikafika. Mjomba alikuja, kanzu imepigwa pasi, akakaa mstari wa mbele na mikono kifuani. Nilikaa nyuma yake. Nilijua kwamba hakuja kwa ajili ya kitabu, alikuja kutuona mimi na wewe ili aamue.

Mkasimulia. Mama Mbeyu akaanza, akafuata mwingine, ukaja wewe na majirani wa yule bwana, ukumbi ukawa unacheka mahali pa kucheka. Kitabu kilikuwa kinatimia kweli, hadi mlipofika mwisho. Bi Saumu, mwenye kipande cha mwisho, hakuwapo. Mwanawe alikuwa amepandwa na homa alfajiri akamkimbiza hospitali. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu katika darasa zima hakukuwa na mwingine aliyeujua mwisho. Mlikuwa mmemwachia yeye awaeleze siku hiyo ili msiharibiwe utamu.

Mafundi wa magari wakaanza kunong'ona kule nyuma. Mwalimu Mutiso akanitazama mimi, kwa vile nilikuwa nimesoma chote, nami nikawa nimeshainuka nusu. Ukatikisa kichwa. Ukaenda mezani ukakichukua kitabu chenye uzi mweusi, ukakifungua pale kurasa za Bi Saumu zilipoanza.

"Mama, nikusaidie?" Mwalimu Mutiso alisema.

"Niwate nisome, mwanangu. Nitafika."

Ukasema bismillahi, ukaweka kidole chini ya neno la kwanza. Mjomba hakuwahi kukusikia ukisoma herufi hizo. Nilimwona akifungua mikono yake kifuani. Ulisoma polepole, neno likikukatalia unalirudia, na kwa sababu nawe ulikuwa hujui litakalotokea, ulishtuka kabla yetu. Palipoandikwa kwamba yule bwana ameshinda kesi na watu wale wametolewa, uliacha kusoma ukasema, "Ah! Na watoto je?" Hakuna aliyecheka. Ukaendelea mpaka pale bwana yule anapoingia nyumba yake tupu, akatembea chumba hadi chumba, asijue alale kipi. Ukafunga kitabu. Mama Mbeyu akasema kwa sauti, "Ndiyo nini sasa?" na hapo ukumbi mzima ukalipuka, kila mtu na lake, wapishi na makarani na mafundi, hata Mwalimu Mutiso akashindwa kuwanyamazisha. Nilijivunia kuwa mwanao, mama. Nilikuwa nalia wazi, sijali.

Tulirudi kwa miguu sisi watatu. Mjomba alitangulia mpaka tulipokaribia nyumbani. Akasimama.

"Nimeona," alisema. "Mimi nilidhani waenda kupitisha majonzi. Kumbe mwenye kiu ni wewe. Basi endelea. Huyu msichana kesho kutwa ataposwa, na akae na bibi yake. Wewe soma hata miaka mitatu, nitakushika mkono."

Nilikugeukia wewe. Na mama, nikuambie lililo kweli, hukunitazama hata kidogo. Ulitazama njia. Ulikuwa na jasho kwenye paji la uso na kidole chako bado kilikuwa na wino wa kitabu kile. Kilichokuwa mbele yako ulikitaka. Niliujua mwendo wako wa asubuhi, nisingekosa kulijua hilo.

"Ahsante, kaka," ulisema. "Lakini mimi nimeshamaliza. Abaki mtoto."

"Umemaliza nini?"

"Nilichokwendea."

Mjomba akasema, "Haya." Tukaingia ndani, ukamgeuza Bibi ubavu, ukaanza kumsimulia mwisho wa hadithi.

Nilikushukuru mara nyingi baada ya hapo na kila mara uliuliza, "Kwa lipi?" Kwa taipu ile nilipata kazi, na kwa kazi ile nilijenga. Bibi aliishi kuliko tulivyotarajia, alhamdulillahi, nawe ulishona sare za watoto wa mtaa mzima kandokando ya kitanda chake, bila cheti. Kila muhula nilikuletea kitabu cha chuo na ulikisoma chote peke yako, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyotaka Mwalimu Mutiso. Ukimaliza uliniuliza, "Na kina Mama Mbeyu wasemaje juu ya huyu?" Nami nilikuwa sijui, maana kina Mama Mbeyu walikuwa darasani kwao, mimi kwangu, na wewe ulikuwa nyumbani. Ulikuwa ukikirudisha kitabu mezani taratibu. Kusoma hukukosa. Ulikosa watu wa kugombana nao.

Sasa nina umri ule uliokuwa nao siku ya ukumbi. Nilipokuwa msichana niliyaamini maneno yako, kwa sababu yalinifaa kuyaamini: mtu mzima amesema amemaliza, basi amemaliza. Siku hizi nikiwaona akina mama wa ushoni wakiingia langoni asubuhi, wengine wakubwa kuliko wewe wa wakati ule, wakicheka na mikoba yao mipya, najikuta nasimama dirishani kuliko inavyopasa. Nakutafuta kati yao, nakiri. Na moyo unaniuma.

Ijumaa nitawasomea wanafunzi habari hizi zote, na wao wagawane kitabu watakavyo. Lakini hili la mwisho nakuambia wewe, Mungu akulaze pema, akupe huko wa kusoma nao. Ulimwambia Mjomba umeshamaliza. Ulikuwa umesoma muhula mmoja tu, mama. Ulikuwa ndiyo kwanza unaanza.

Buriani, mama yangu.

Ni mimi mwanao, uliyembakisha chuoni.