Mume Wangu Mkalimani

Matinyani,
15 Julai 1990

Mume wangu Mulei,

Sisi ni wazima, mbuzi ni wazima, goti langu tu ndilo linaringa. Wewe unakula? Nimeandika mwenyewe, kwa mkono huu uliojifunza uzeeni darasa la gumbaru, kwa hivyo usicheke herufi.

Redio inasema ati waliopiga kelele Nairobi siku ya Saba Saba wametumwa na watu wa nje. Nilicheka mpaka jirani Mumbua akauliza kama nimelewa. Maana sisi pia hapa tumekaa chini. Ile silanga ya kukinga maji tulichimba kwa mwethya, wanawake wa kijiji kizima, kila mmoja na jembe lake. Mvua ikaijaza. Halafu chifu akazungusha waya na kufuli, maji sasa ni ya ng'ombe wake na michungwa ya mkubwa fulani. Tulimwendea kwa heshima. Tukamwendea na kuku. Kuku akamla. Sasa tumeketi mlangoni kwake na mitungi mitupu, na hatutoki.

Wewe unafanya kazi ofisi ya serikali huko Nunguni. Waulize wakubwa wako: ni mgeni gani alitufundisha kiu?

Mimi mke wako wa kwanza,
Susu


Nunguni,
24 Julai 1990

Kwa Susu, nyanya yangu mpendwa,

Natumai goti limepata nafuu. Mimi sijambo, ila baridi na ukungu wa huku unauma.

Nyanya, nakuomba urudi nyumbani. Haya mambo ni makubwa kuliko silanga. Kuna mabalozi wanaowapa watu maneno na pesa. Nchi zingine zilianza hivi hivi, wananchi wakapigana, mgeni akabaki na mali. Sisemi serikali haina makosa. Lakini zile toroli sita za silanga zilitoka wapi? Kwa Sista Klara wa misheni, mtu wa ng'ambo. D.O. wa huko, mkuu wa tarafa yenu, anasema huo ndio ushahidi.

Tarehe 8 Agosti atafanya baraza Matinyani. Hajui Kikamba. Nimeombwa nitoke huku nije kuwa mkalimani, kwa sababu wewe ni nyanya yangu. Ukisema mbele ya watu kwamba Sista ndiye aliwatuma, nyote mtasamehewa. Yeye atarudishwa kwao tu. Ukikataa mtafungwa, na mimi nitapoteza kazi. Unajua ni mimi ninayewasomesha wadogo wangu.

Mjukuu wako mtiifu,
E. Mulei, Karani Msaidizi


Matinyani,
30 Julai 1990

Bwana Karani Msaidizi,

Goti halijambo. Limepona kwa hasira.

"Atarudishwa kwao tu." Na zahanati atafungua nani, wewe? Kavata, mke wa kaka yako, mapacha wake walishikwa na mikono ya nani usiku ule walipotoka na miguu mbele? Toroli ni toroli, Mulei. Inabeba udongo. Haijui kumwambia mtu aketi.

Mambo ya wageni sikatai yote. Mgeni ana tumbo lake, na mimi simwamini balozi yeyote anayenililia na shibe yake. Lakini mwizi huingia palipo na tundu. Serikali izibe tundu, iache kumpiga mwenye nyumba anayepiga kelele.

Na nikukumbushe kitu hamkufundishwa shuleni. Nilikuwa msichana mzungu alipochukua ng'ombe wetu, ati ni wengi, wanamaliza nyasi. Wakamba wakatembea mpaka Nairobi wakaketi, wanaume, wanawake na watoto. Babu yako, huyo ambaye jina lake unatembea nalo, alikuwa hapo. Na mzungu alisema nini? Ati wamechochewa na watu wa nje! Mgeni mwenyewe! Sasa mzungu alienda, akawaachia wakubwa wako kiti na maneno yake.

Nitakuja baraza. Nitasema Kikamba, wenzangu wasikie. Lakini Kiswahili ninasikia, na D.O. hajui hilo. Kila neno utakalomwambia litapita masikioni mwangu. Ukinigeuza maneno, usije kunizika.

Susu.
Leo mimi si mke wa mtu.


Matinyani,
19 Agosti 1990

Mume wangu Mulei,

Tumetoka seli. Tuko wazima, ila kunguni wa serikali wamenenepa kuliko sisi. Umepata pa kulala?

Sikupata nafasi ya kukuambia kitu, askari walikuwa wananivuta. Niliposema hakuna aliyetutuma ila koo zetu zilizokauka, D.O. akakuuliza, "Anasema nini?" Ukaishika tai yako, ukamtazama chifu. Nikasema moyoni, basi, huyu nimempoteza. Halafu ukasema kwa sauti ya babu yako: "Anasema hakuna aliyewatuma. Anasema waya utoke. Na anauliza, maji ya chai uliyokunywa kwa chifu asubuhi yalitoka silanga gani?"

Mkalimani mwongo! Hilo la chai mimi sikusema.

Mumbua amelicheka hilo muda wote wa seli, na mbavu zake zimeumizwa na rungu.

Nasikia wamekufukuza. Wadogo wako watakula hapa, na kaka yako atauza fahali apate karo, nimeshamwambia, amenuna, atanuna na atauza. Sista yuko. Waya pia uko. Jumamosi ya kwanza ya Septemba naita mwethya, tung'oe nguzo zote mchana, watu wakiona. Mwethya unaujua: aliyeitwa haulizi nani mwingine anakuja. Anakuja na chombo chake.

Nimekuita.

Susu


Nunguni,
27 Agosti 1990

Mke wangu,

Sijambo, ninakula. Ofisi nimewarudishia ufunguo wao, na tai nimeifungia sanduku la nguo, kamba ilikatika.

Nimeazima koleo kubwa la kukatia waya kwa fundi Nzioka wa hapa sokoni. Aliligeuza mkononi, akaniangalia, akafunga mlango wa karakana kwanza. Akaniuliza polepole nimetumwa na nani.

Nikamwambia ni mke wangu.

Mume wako,
Mulei