King'ora Nilichokijua

Kibaigwa, Alhamisi, mwezi wa tisa.

Upepo umeamka kabla yetu leo. Vumbi la sokoni limeingia mpaka kwenye chandarua cha mwanangu Tausi, na pumba za mahindi zinaelea kwenye ndoo ya maji. Nimeamka na uchungu mdomoni, na si wa vumbi.

Mnaopita kwenye ukurasa wangu huu mmezoea niwaandikie magari na ndege. Mara Fuso iliyobadilishwa injini, mara ndege ya jeshi niliyoiona ikishuka kwenda Dodoma mjini. Leo pia ni magari na ndege, ila sina raha nayo.

Siku tisa nimekaa na neno moja kifuani. Leo nimelisema.

Jumanne ya wiki iliyopita tulitangaziwa kwamba mgeni mkubwa kutoka serikalini atapita kwenda Morogoro, na atasimama kutusalimia. Kikundi chetu cha akina mama tukavaa vitenge vya sare, tukapangwa kando ya lami tangu saa mbili asubuhi. Malori ya mahindi yakaamriwa yabane pande zote mbili, ikabaki njia nyembamba katikati. Mimi sikuchukia. Nilimfunga Tausi mgongoni nikasimama mbele kabisa. Mtu anayependa magari haoni msafara kila siku.

Saa nne hivi ndege ikapita juu kuelekea magharibi. Watu wakasema mgeni huyo, anatua Dodoma. Nikasema hapana, ile ni ndege ya jeshi ya mizigo, ya pangaboi, tazameni tumbo lilivyoshuka, mgeni hapandi ile. Nilisema kwa furaha tu, kama unavyotaja jina la mtu unayemfahamu ukimwona anapita.

Mama Chausiku, anayetuongoza kuimba, akageuka.

"Rubani wetu huyo. Mwenzangu, urubani ulisomea wapi, darasa la saba B?"

Mstari mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. Lakini moyoni niliapa sifungui tena mdomo.

Haikupita saa moja, king'ora kikasikika upande wa Mbande.

Kwetu hapa king'ora kina maana moja: mkubwa anakuja. Gari la zimamoto hatuna. La wagonjwa liko moja kwa vijiji chungu nzima, na mara nyingi halina mafuta. Kwa hiyo king'ora kikilia, watu hawapishi. Wanakikimbilia.

Mimi nilijua. Naandika wazi ili nisije nikajidanganya baadaye. King'ora cha msafara kinakatakata, kinafoka. Hiki kilikuwa kinapanda na kushuka polepole, kimekauka sauti, na nyuma yake dizeli ya Land Cruiser kuukuu inayokohoa ikiingizwa gia ya tatu. Gari lile ndilo lililonibeba nikiwa na uchungu wa Tausi. Nililala chali nahesabu gia ili nisipige kelele.

Nilifungua mdomo. Nikaona Mama Chausiku ananitazama.

Nikaufunga.

Vigelegele vikapasuka, ngoma zikaingia barabarani, gari likamezwa na watu. Msalaba mwekundu wa ubavuni ulikuwa umefunikwa na vumbi, na nani alikuwa anautafuta? Dereva akapunga mkono tumpishe, watu wakampungia na wao. Muuguzi aliyekaa mbele alishusha kioo aseme neno, akavishwa shada la maua. Shada, shingoni, juu ya sare yake nyeupe. Mgambo akasimama mbele ya gari, anataka watu wajipange kwanza. Mtendaji wa kijiji alipofika akachungulia ndani na kukuta kitanda kitupu, lakini watu hawakuwa na pa kujibana, ikabidi tena malori yarudishwe nyuma moja moja ili njia ipatikane. Karibu nusu saa ilikuwa imekwenda.

Lilikuwa linakwenda zahanati ya upande wa Pandambili kumchukua Rehema, mke wa Elia anayepakia magunia hapa sokoni. Alikuwa ameshajifungua, ila damu haikukata. Walipomfikia alikuwa bado anaongea. Alifia njiani. Muuguzi alisema wangewahi kidogo tu, angepona. Mtoto yupo, wa kike, analelewa na bibi mzaa mama yake.

Msafara wenyewe ulipita saa nane, mashangingi kumi na moja, vioo juu. Haukusimama. Niliyahesabu, siwezi kujizuia, macho yangu ndivyo yalivyo. Gari moja kati ya yale, uking'oa viti vya nyuma, machela inaingia na muuguzi anabaki na nafasi ya kukaa. Kumi na moja kwa mtu mmoja mwenye afya yake, na sisi la pili hatuna. Ningependa hasira yangu iishie pale kwenye vile vioo vyeusi.

Haiishii.

Leo nilipeleka uji wangu wa kuuza sokoni kama kawaida. Elia alikuwa amerudi kazini, siku yake ya kwanza tangu msiba. Wapakiaji wenzake walimzunguka wakimpa pole, wakisema hakuna aliyejua, king'ora ni king'ora, Mungu ndiye aliyepanga. Mama Chausiku alikuwepo pia, anajifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. Elia akasema hilo ndilo linalomsaidia kupata usingizi, kwamba hakuna aliyejua.

Ningeweza kumimina uji nikaondoka zangu.

"Kaka Elia," nikamwambia, "mimi nilijua."

Akadhani nampa pole kwa namna yangu. Nikamweleza yote, sauti ilivyokuwa, gia, ndege ya asubuhi, nilivyochekwa, nilivyonyamaza. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Chausiku aliangalia chini. Elia alinisikiliza mpaka mwisho, kikombe mkononi.

"Sasa si ungesema tu, dada."

Alisema taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia. Akaweka kikombe chini bila kukinywea, akainama, wakamtwisha gunia.

Sijui kama nimefanya vema. Nimemnyang'anya kitu cha kulalia ili mimi nipumue, na wala sipumui vizuri. Tausi amelala mapajani naandika. Nataka akue akisema anachokijua, hata mbele ya watu wanaocheka, na najua hawezi kujifunza hilo kwa mama anayenyamaza.

Bibi wa yule mtoto bado hajui. Kesho nitakwenda kwake mwenyewe, kabla maneno ya sokoni hayajamfikia. Nitampa shikamoo, nitakaa chini, nitasema. Akinifukuza, basi nitakuwa nimefukuzwa na mtu anayenijua nilivyo kweli.